Boti ya tanga inatetemeka ukiwasha mashine: uanzie wapi kutafuta

Upepo ukikata jioni na mkondo wa mlangoni ukaanza kukurudisha nje, ndipo nahodha wa chombo cha tanga anapoikumbuka mashine yake. Anapiga stati, anaingiza gia, na papo hapo vikombe vinacheza kwenye rafu, sakafu inawasha nyayo, usukani unatetemeka mkononi. Neno la kwanza linalomtoka: mashine imekufa.

Nimeshika mashine za dizeli za mashua, za majahazi na za boti za tanga kwa miaka mingi, na mara nyingi zaidi nimekuta mashine yenyewe ni nzima. Ubovu umekaa chini au nyuma yake: kwenye raba zinazobeba injini, kaplingi inayounganisha giaboksi na shafti, shafti yenyewe, bushi inayoishika shafti chini ya maji, au propela. Lakini mwenye chombo huwa ameshafungua nozo zinazopulizia dizeli kwenye silinda, ameshapeleka pampu kupimwa, ameshalipa, na akirudi majini mtetemo ni uleule. Kwa hiyo usishike spana kabla hujajua jambo moja: mtetemo unatoka kwenye injini, au unatoka kwenye mstari wa shafti? Hilo unaweza kulijua ndani ya nusu saa bila kulegeza nati hata moja.

Jaribio la kutenganisha

Fungeni chombo gatini kwa kamba imara za mbele na nyuma. Fungua kifuniko cha injini uione vizuri. Aliyevaa kikoi, kanga au shati linalopepea akae mbali, kwa sababu kaplingi inayozunguka ikishika ncha ya nguo humvuta mtu mzima.

Washa, uache injini ipate moto. Gia ikiwa nyutro, panda kutoka silensa, yaani mwendo wa chini kabisa wa injini, hadi kama mizunguko 2,000 kwa dakika, ukisimama kidogo kila baada ya 200. Mmoja ashike mafuta, mwingine aweke kiganja kwenye raba moja baada ya nyingine, kisha kwenye sakafu, kisha karibu na bomba la shafti, na aandike. Andika kweli, kwa kalamu, maana ukifika 1,800 utakuwa umeshasahau ulichokisikia kwenye 1,000. Rudi chini, ingiza gia ya mbele, rudia zoezi hadi kama 1,500. Halafu rivasi.

Hatua ya tatu ni ya vyombo vya tanga peke yake, na naipenda kuliko zote. Toka nje, tweka tanga, zima injini, acha gia nyutro. Chombo kikishika mwendo, maji yenyewe yatazungusha propela na shafti. Kama mtetemo bado upo huku injini imelala, injini haina hatia. Tafuta propela, shafti au bushi. Jaribio hili halifanyi kazi kwa propela ya kujikunja, maana hiyo hujifunga yenyewe chini ya tanga. Na ziko giaboksi ambazo mtengenezaji hataki zizungushwe hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa mafuta yake husukumwa na injini. Soma kitabu chake kwanza. Dakika chache ndizo unazohitaji.

Sasa soma ulichoandika. Kama inatetemeka sawasawa nyutro na kwenye gia, shughulika na injini na raba zake. Kama imetulia nyutro na kuchafuka kwenye gia, nenda nyuma ya giaboksi. Kama inatetemeka kwenye mizunguko fulani tu, tuseme kati ya 1,400 na 1,600, halafu inatulia juu na chini ya hapo, hiyo ina maelezo yake, nitayaeleza mbele.

Watu wengi huniambia wanaweza kutofautisha kwa sikio. Wakati mwingine inawezekana. Mtetemo wa shafti iliyopinda ni mzito na wa taratibu: gia ikipunguza mara mbili, injini ikiwa 1,800, shafti inazunguka 900 kwa dakika, yaani mara 15 kwa sekunde, na unaupata kama mpigo mwilini. Injini hutoa mvumo wa haraka zaidi. Lakini tazama hesabu hii. Injini ya silinda tatu kwenye 1,800 hiyohiyo inawaka mara 45 kwa sekunde. Propela ya mapanga matatu kwenye shafti ile inayozunguka mara 15 inapitisha mapanga yake mara 45 kwa sekunde. Ni namba ileile, hakuna sikio litakalozitenga. Ndiyo maana nasisitiza jaribio la nyutro na gia.

Ikitetemeka hata nyutro

Jua kwanza una silinda ngapi. Injini ya silinda moja hutikisika maisha yake yote, na ya silinda mbili huruka kidogo kwenye silensa. Swali la kujiuliza ni kama imebadilika. Kama mwaka jana uliweza kuegesha kikombe cha chai juu ya kifuniko na leo hakikai, hapo kuna jambo.

Lililo rahisi kuliko yote ni silensa iliyoshuka. Injini nyingi ndogo za boti zinataka 800 hadi 850 kwa dakika. Zikishuka hadi 600 zinatikisika bila ubovu wowote. Pandisha skrubu ya silensa, tazama kama mtetemo umekwenda. Nimewahi kuitwa safari ya nusu siku kwa kazi hiyo tu.

Kama mlio wake haulingani, unaruka mpigo, basi silinda moja haifanyi kazi yake. Anza na dizeli. Huku pwani dizeli hubebwa kwenye madumu, hukaa juani, usiku umande unaingia, na chini kunakusanyika maji na ule utelezi mweusi. Chombo kikitulia bandarini uchafu umelala chini ya tangi. Kikipigwa na mawimbi ya kusi unapanda wote na kuingia kwenye filta. Mwaga maji ya chujio la kwanza, badilisha filta, toa hewa. Mpira wa dizeli uliopasuka upande wa kuvuta hautavuja dizeli nje, utavuta hewa ndani, kwa hiyo usidanganyike kuwa pakavu ni pazima.

Ikibaki vilevile, tafuta silinda mvivu. Injini ikiwa silensa, legeza kidogo nati ya bomba la nozo ya kwanza, sikiliza, kaza, nenda ya pili. Ukilegeza penye silinda nzima, mlio utaanguka. Ukilegeza na hakuna kilichobadilika, umeipata. Zungushia kitambaa kizito, vaa miwani, na mkono usikae mbele ya mchuruziko, kwa sababu dizeli ya pampu hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Injini za kisasa zenye bomba moja la pamoja linalolisha nozo zote usizifanyie hivi kabisa. Humo shinikizo huzidi baa 1,000.

Silinda mvivu inaweza kuwa na nozo mbovu au kompresheni (mgandamizo wa hewa) iliyopungua. Nozo ndiyo nafuu, ianze.

Raba

Injini ikilia vizuri, mipigo yote inalingana, lakini chombo kizima kinatetemeka, tazama miguu ya injini. Raba za injini za boti huishi maisha magumu: dizeli inadondoka juu yake, mafuta, maji ya chumvi ya ngama (chini kabisa ndani ya chombo), joto. Raba iliyokunywa mafuta hulainika na kuvimba. Iliyozeeka hukauka ikawa kama gogo. Zote mbili zinapitisha mtetemo, ya kwanza kwa kuiacha injini icheze mno, ya pili kwa kutoizuia kabisa.

Mwambie mwenzako azime injini huku wewe umepiga tochi. Injini yoyote hujitikisa mara ya mwisho ikizimika. Tazama pembe zote nne. Zikienda pamoja, ni sawa. Pembe moja ikiruka zaidi ya wenzake, hapo pana raba iliyoachana na chuma chake, au nati imelegea. Injini imeshazimika, ingiza mtaimbo chini ya kila mguu, inua kidogo. Raba iliyochanika itafungua mdomo uuone. Na usiamini nati kwa kuitazama. Mara mbili nimekuta bolti ya raba imekatika ndani, nati imekaa juu yake imenyooka kama kawaida, na nilipoigusa ikaja mkononi pamoja na kipande cha bolti.

Chini ya raba kuna mbao zinazobeba injini. Kwenye mashua na majahazi hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Chukua bisibisi, choma ubao kuzunguka kila bolti. Ikizama, maji matamu ya mvua yameozesha mbao kutoka juu, na hakuna raba mpya itakayokusaidia mpaka ubao ubadilishwe.

Ukinunua raba, badilisha zote nne. Uliza pia ugumu wake: kwenye injini nyingi za mbele na za nyuma hazifanani, kwa sababu nyuma pana uzito wa giaboksi.

Kuna mlio mwingine ambao watu huuchanganya na huu, nao ni kugongagonga kwa chuma kwenye silensa, nyutro, unaopotea ukiongeza mafuta kidogo au ukiingiza gia. Hiyo ni dampa, ile sahani yenye springi kati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na giaboksi. Kuibadilisha ni lazima giaboksi itoke, na usiiache, maana ikivunjika umepoteza gia kabisa.

Imetulia nyutro, imechafuka kwenye gia

Anza chini ya maji. Zima injini, chomoa ufunguo, utie mfukoni mwako mwenyewe, ndipo uzame. Kipande cha nyavu ya nailoni kilichojisokota nyuma ya propela kinatosha kutikisa boti ya tani tano. Nailoni ikipata joto inayeyuka na kuwa kola ngumu kati ya propela na bushi. Kwa macho unadhani ni sehemu ya shafti. Ikate kwa kisu, taratibu, uitoe yote.

Chombo kilichokaa nangani wiki kadhaa huota chaza na magamba kwenye propela, na hayaoti sawa kwenye kila panga. Yakwangue. Propela ya kujikunja ikiwa na gamba kwenye bawaba, panga moja hufunguka nusu, na hapo mtetemo ni wa kutisha.

Huku kwetu hatuhitaji krini kuona mambo haya. Bamvua la Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo pweleza chombo mchangani, kitegemeze vizuri, na una saa kadhaa za kufanya kazi ukiwa umesimama. Chomeka kijiti mchangani kiguse ncha ya panga moja kwa nyuma. Zungusha propela kwa mkono. Kila ncha ipite ikigusa kijiti vilevile. Panga lililopigia mwamba litapita mbali au litakisukuma. Usilinyooshe kwa nyundo palepale ufukweni: litarudi kwa macho, lakini mwinamo wake hautafanana na wenzake, na shaba iliyopigwa ikiwa baridi hupasuka. Lipeleke kwa fundi mwenye vipimo.

Ukiwa hapohapo, shika shafti karibu na propela, iinue juu na chini. Bushi ya raba hulainishwa na maji tu, na kwenye vijito vyenye mchanga huliwa haraka. Shafti ya milimita 25 ikicheza zaidi ya milimita 1, mimi nabadilisha. Tazama bushi imeliwa upande gani. Ikiwa imeliwa pande zote sawa, ni uzee. Ikiwa imeliwa upande mmoja tu, shafti haijakaa mstari, na bushi mpya italiwa vilevile. Tazama pia zinki ya shafti, kile kipande kinachoachwa kiliwe na kutu badala ya shafti. Iliyoliwa nusu na kulegea hutupa uzito upande mmoja, na kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Mwisho pima nafasi kati ya ncha ya panga na ubao wa chombo. Isipungue sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha propela. Propela ya milimita 400 ipate angalau milimita 40. Mtu aliyefunga propela kubwa zaidi ya ile ya zamani mara nyingi amekwama hapa.

Alaimenti

Chini pakiwa safi, rudi ndani kwenye kaplingi upime alaimenti, yaani kama injini na shafti zimekaa mstari mmoja. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndiyo sababu ninayoikuta kuliko zote.

Nilipewa boti ya tanga ya mita 10 kwenye kijito cha Kilifi, injini ya silinda tatu. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu, ikapigwa rangi, ikafungwa raba mpya, ikashushwa. Kabla ya hapo haikuwa na tatizo. Baadaye sakafu ya tezi ilitetemeka kiasi cha kulegeza skrubu za meza. Nozo zilikuwa zimeshapimwa, na majibu yakawa mazuri.

Nilifungua bolti nne za kaplingi, nikaivuta shafti nyuma kidogo. Shafti ikiachwa huru huinama kwa uzito wake, na ukipima hivyo unapima uongo, kwa hiyo niliifunga kamba nikaining'iniza hadi mdomo wa kaplingi ukaingia kwenye mwenzake bila kusukumwa. Halafu nikazikutanisha nyuso mbili kwa mkono, nikachukua fila, zile karatasi nyembamba za chuma za kupimia nafasi. Chini, karatasi ya milimita 0.05 ilikataa. Pembeni kushoto na kulia, 0.20. Juu, 0.40 iliingia ikateleza. Kaplingi ile ina kipenyo cha milimita 100, na kanuni ni kuwa tofauti isizidi 0.1 kwa kila milimita 100 za kipenyo. Ilikuwa imezidi mara nne.

Kabla ya kugusa raba nikaizungusha shafti robo, nikapima tena, nikazungusha tena. Nafasi kubwa ilibaki juu kila mara. Hilo ndilo linalokuambia kuwa injini imekaa vibaya. Kama nafasi ile ingezunguka pamoja na shafti, basi shafti imepinda au kaplingi haijakaa sawa kwenye shafti, na hapo ungeweza kuhangaika na nati za raba hadi magharibi bila faida.

Nafasi ikiwa juu, pandisha mbele ya injini. Ikiwa chini, shusha mbele. Kushoto na kulia unasogeza injini kwa ubavu. Nilipandisha miguu miwili ya mbele robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikipima kila baada ya hatua, hadi kama milimita 2 kwa jumla. Kila ukirekebisha mwinamo, kimo nacho kinabadilika, kwa hiyo unarudi nyuma, unashusha, unapima tena. Ilinichukua asubuhi nzima. Mwisho fila ya 0.10 haikuingia popote. Tulipotoka nje kwa 2,200, mwenye boti aliweka glasi ya maji mezani akakaa akiitazama.

Kosa lilikuwa wapi? Alaimenti ilifanywa nchi kavu. Boti iliyokaa juu ya mkuku wake na magogo ya kuegemea si umbo lilelile la boti iliyobebwa na maji. Ukishusha chombo kiache kielee siku mbili tatu, milingoti na kamba zake zikiwa zimekazwa kama za safari, ndipo upime. Chombo cha mbao kilichokaa juani mwezi mzima kiongezee siku, mbao zinywe maji na kukaa. Mafundi wenzangu wengine hufunga kaplingi ya raba wakidhani inasamehe. Kaplingi ya raba hupunguza kelele tu, shafti itaendelea kula bushi na pakini (inayozuia maji pale shafti inapotoka chomboni) kimyakimya.

Ukiwa umefungua, kagua na kii ya shafti (kipande cha chuma kinachoifungia kwenye kaplingi) na mashimo ya bolti. Shimo lililogeuka umbo la yai linaonyesha bolti zimecheza siku nyingi.

Inatetemeka kwenye kasi moja tu

Kila kitu chomboni kina mpigo wake: ubao wa sakafu, bomba la ekzosti, tangi, hata mlingoti. Injini ikiufikia mpigo huo, kitu hicho kinaitikia. Tembea na kiganja wakati injini iko kwenye kasi ile mbaya, ukibonyeza kitu kimoja kimoja. Ukibonyeza ekzosti na kelele ikakatika, fungia kishikizo. Mtetemo wa aina hii ukiwa mdogo unaweza kuishi nao, uendeshe 100 juu au chini. Lakini kama kasi hiyo haikuwepo mwanzoni, raba zimechoka na zimehamisha mpigo wa injini.

Mtetemo ukianza ghafla safarini

Punguza mafuta na uweke nyutro mara moja. Usizime bado, tazama ngama kwanza. Shafti iliyopinda au mkono wake uliovunjika (ule unaoishika chini ya maji) unaweza kupasua pakini au ubao, na maji yakaingia kwa wingi. Kama maji yanaingia, zuia maji, mengine baadaye. Kama pakavu, jaribu rivasi kwa sekunde chache kwenye silensa. Nailoni au mfuko wa plastiki mara nyingine hujisokotoa wenyewe. Ikikataa, zima, tweka tanga. Usilazimishe kufika kwa mashine inayotikisika, kwa sababu kinachovunjika baada ya hapo ni giaboksi.

Kama umefunga raba mpya, hazijamaliza kukaa siku unapoondoka gatini. Hushuka kidogo kwa uzito wa injini. Baada ya saa 50 za kazi fungua tena zile bolti nne, urudishe fila kwenye kaplingi, na ukaze nati za juu na za chini za kila mguu.